Msemaji na Mvinyo Mweusi wa Cahors

Kijana wa Kirundi aliyetaka kuoa katika eneo la Dallas na Fort Worth alimtafuta kwanza Msemaji, pete ikafuata. Hata waliokaa Houston walimpigia simu, naye Jumamosi asubuhi alivaa suti ya kijivu, akachomeka mfukoni kalamu ambayo sikuwahi kumwona akiandikia chochote, akashika barabara kuu ya kusini. Kazi yake ilikuwa kusema kwa niaba ya ukoo siku ya posa, ile ambayo Warundi huiita gusaba. Kwa desturi yao baba wa msichana hasemi neno siku hiyo. Anakaa, anatazama, na mtu mwingine anamsemea. Upande wa mvulana nao huja na msemaji wao, na wawili hao hupambana kwa maneno mpaka msichana apatikane. Huyu wetu alisemea upande wowote uliomwahi, na hakuwahi kushindwa, au kama aliwahi, hakutambua.

Nilimfahamu mwaka 2017 nilipohamia Cedar Hill, nyumba ya pili kutoka kwake. Mimi ni Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba tulishaanza kubishana kabla hatujajulishana. Wakati huo nilikuwa nimeshapata diploma yangu ya huduma za chakula na vinywaji, niliyoisomea jioni huku mchana nikifanya kazi katika hoteli moja mjini Dallas. Pale nilianza kwa kuosha sahani, nikaondoka nikiwa msimamizi wa ukumbi mzima wa chakula. Sikubebwa na mtu. Nasema hili mapema ili msomaji ajue kwamba ninayoyaeleza kuhusu mvinyo si ya kuokoteza. Diploma hiyo sasa imetundikwa mapokezi katika hoteli yangu hapa Kigoma, na wageni huisoma wakisubiri funguo.

Msemaji alipenda kinywaji kimoja tu duniani, nacho ni mvinyo mwekundu wa Cahors, jina ambalo Wafaransa hulitamka Kaor. Cahors ni mji wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, umekaa ndani ya kona ya mto Lot, mto unaojipinda na kujikunja kana kwamba hautaki kufika. Mizabibu hupandwa kwenye matuta ya kando ya mto, na mingine juu kwenye uwanda wa mawe ya chokaa, ambako mizizi huhangaika na zabibu hutoka ndogo na nzito. Zabibu yenyewe ni Malbec. Dunia inaijua kwa sababu ya Argentina, lakini nyumbani kwake ni huko, na watu wa zamani waliuita mvinyo wake mvinyo mweusi, kwa kuwa ukiinua glasi kwenye mwanga huoni vidole vyako upande wa pili.

Hayo mimi niliyasoma darasani na nikayajibu vizuri kwenye mtihani. Yeye aliyapata kwingine. Ujanani alikuwa mpishi katika nyumba ya mapadri kule Burundi, na padri mmoja mzaliwa wa kando ya mto huo alikuwa akiletewa makasha kutoka kwao. Msemaji mwenyewe hakuwahi kufika Ufaransa. Hilo halikumzuia kukueleza daraja la Cahors na minara yake, upande gani jua hupiga asubuhi, na mahali ambapo mtu asiye mwangalifu huteleza. Siku moja mwalimu mmoja Mkongo, ambaye alikuwa amepita mji ule kwa gari moshi, alijaribu kumsahihisha kuhusu minara. Msemaji alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akaendelea kutoka pale alipokuwa ameishia.

Katika maduka makubwa ya vileo ya Texas, Malbec ya Argentina hujaza ukuta mzima. Cahors hukaa rafu ya chini kabisa, chupa chache zenye vumbi. Goti lake la kushoto halikuruhusu kuinama, kwa hiyo alisimama mbele ya rafu na kumwita mfanyakazi kwa Kifaransa. Mfanyakazi akifika, alimwonyesha chupa kwa ncha ya kiatu. Mara moja niliinama mimi. Alinishukuru, kisha akataka kujua kama kwenye diploma yangu kulikuwa na somo la kuinama. Nilimjibu kwamba lilikuwepo, na kwamba nilifaulu. Tangu siku hiyo aliniita Bwana Diploma, na mimi sikuona sababu ya kumkataza.

Ukimwambia jana ulikunywa kitu kizuri, hakuuliza kilikuwa kitu gani. Aliuliza, "Na nini?" Kinywaji kisicho na chakula kando yake hakukihesabu. Mvinyo wa Cahors hukausha kinywa, ukaushika ulimi kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Ukali huo hutafuta mafuta ya kuutuliza, ndiyo maana wenyeji wa kule huunywa na bata aliyepikwa polepole ndani ya mafuta yake mwenyewe, au na mwanakondoo, au na maharage meupe yaliyochemka pamoja na soseji mpaka mchuzi ukafunga. Uyoga nao huafikiana nao vizuri. Msemaji aliyahamishia yote hayo Cedar Hill. Bata akawa mbuzi. Maharage yakabaki maharage, ila yalipikwa na kongoro. Kisamvu, ambacho yeye alikiita isombe, alikitia mawese mpaka kikang'aa, akasema mawese yanafanya kazi ya bata. Hapo nilikubaliana naye, na mimi si mtu wa kukubali ovyo.

Nyama ya moshi ya Texas nilimwonyesha mimi. Nilimletea kidari cha ng'ombe kilichokaa juu ya moshi wa mwaloni tangu jana yake, kile chenye ukanda wa mafuta pembeni, nikamkatia kipande. Alikula, akanywa, akavua kofia akaiweka mezani.

"Mapadri wamekufa bila kulijua hili," alisema. Akatafuna tena. "Yule wa Cahors angehama parokia."

Tulichokosania ni dagaa. Mimi natoka Kigoma, na kuhusu dagaa sifundishwi. Yeye alishikilia kwamba Cahors inakwenda na kila kitu, dagaa wakiwemo. Nilimweleza kitaalamu kwamba mvinyo mkali wa namna ile ukikutana na samaki mkavu huacha ladha ya msumari mdomoni. Alikataa. Jumapili moja baada ya misa nilimkaangia dagaa wangu mwenyewe, waliotoka kwa dada yangu, nikamwekea na glasi yake. Alitafuna, akanywa, uso ukabadilika kama wa mtu aliyelamba betri. Nilimuuliza anasemaje. Akasema mvinyo uko sawa, tatizo ni kwamba dagaa wa upande wa Tanzania wa ziwa hawakulelewa vizuri. Akamaliza sahani yote kwa hasira, akinywa maji.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Aliwadharau watu wanaotia barafu kwenye mvinyo, na mwezi wa Agosti alitia barafu, kipande kimoja, akisema hicho ni dawa. Ukumbini sauti yake ilifika mpaka maegesho, lakini nyumbani, ambako aliishi na binti yake wa pekee tangu mkewe afariki, angeweza kukaa jioni nzima bila kusema zaidi ya "funga pazia." Siku za kazi alikuwa ghalani karibu na uwanja wa ndege akipanga maboksi, na wenzake huko, nilivyosikia, walidhani hajui kuongea.

Katika posa alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kuliko zote. Kinywaji kinacholetwa na upande wa mvulana ndicho kinachofungua mdomo wa ukoo. Mzee wa upande wa msichana anakionja mbele ya watu, akiridhika neno linaanza, asiporidhika hakuna neno. Bia ilikubalika. Yeye alipendelea Cahors, na vijana wenye akili walimletea Cahors. Mwaka ule ule wa 2017, Fort Worth, ujumbe mmoja ulikuja na soda tupu, kwa sababu mvulana na watu wake walikuwa wameokoka. Msemaji alitazama makreti, akawaambia soda ni ya watoto wanaosubiri wakubwa waongee, na kwa kuwa wakubwa hawajaletewa kitu, basi wote wasubiri. Walisubiri wakiwa wamesimama barazani mpaka mjomba wa mvulana alipokwenda dukani. Habari hiyo ilifika Houston kabla ya yeye kurudi nyumbani, na ikamwongezea kazi.

Halafu binti yake akachumbiwa.

Binti alikuwa muuguzi, amepata ajira Houston na kurudi Cedar Hill siku za mapumziko tu, na kijana aliyempata alikuwa fundi wa kompyuta wa Katy, nje kidogo ya Houston upande wa magharibi, mtoto wa familia ya Kiislamu ya Mombasa. Baba wa kijana alikuwa na malori yake mawili na sifa ya kutokosa swala hata akiwa safarini. Kijana mwenyewe alikuwa mpole na alimsalimia Msemaji kwa mikono miwili. Dini Msemaji aliimeza baada ya wiki chache za kutembea uani. Padri wa parokia alikuwa amezungumza naye, na binti alikuwa ameahidi kubaki na kanisa lake. Kilichomkwama kooni ni posa.

Nilikuwepo jikoni kwao siku walipoyasema, nimeleta limau. Binti alikuwa amesimama karibu na sinki, bado na sare za hospitali.

"Baba, nime-decide. Wakija, hakuna wine. Hata chupa moja mezani."

"Sasa watakuja kuposa na nini? Na maji ya bomba?"

"Wataniposa mimi. Hawaji kuposa chupa."

Msemaji akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemfundisha. Akamkumbusha binti watu wa Fort Worth waliosimama barazani. Kama alivyowafanyia wale ndivyo atakavyowafanyia hawa, vinginevyo watu wa Texas nzima watasema sheria yake ni ya watoto wa wenzake. Binti alimjibu bila kupandisha sauti kwamba wale wa Fort Worth angalau walipata mke. Yeye na kijana wake wameshauliza ofisi ya ndoa ya kaunti inafunguliwa saa ngapi. Watakwenda wawili, watatia sahihi, watarudi Katy, na Baba atabaki Cedar Hill na sheria yake. Kisha akapanda ngazi kwenda kulala, kwa kuwa alikuwa ameendesha gari moja kwa moja kutoka zamu Houston.

Msemaji hakumimina kitu.

"Bwana Diploma," alisema, "siku hiyo mimi siruhusiwi kusema. Utanisemea wewe."

Kulikuwa na wazee wa Kirundi wa kutosha Dallas nzima, wenye sauti na mvi. Alinichagua mimi. Nadhani sababu inajieleza.

Kazi hiyo niliifanya kitaalamu. Nilimpigia simu baba wa kijana kule Katy, nikajitambulisha kwa cheo, nikamuuliza wao husherehekea na kinywaji gani. Akaniambia, "Ndugu yangu, sisi twanywa kahawa. Kahawa chungu, na halua kando. Hiyo ndiyo twaijua." Nikamuuliza inakuwa chungu kiasi gani. Akacheka, akasema mkewe husema inaamsha maiti. Nikamwomba siku hiyo aichome buni mpaka iwe nyeusi, aipike nzito, asitie sukari wala iliki hata chembe. Aliona ajabu lakini hakukataa. Kwa upande wetu nikamwagiza shangazi wa binti, ambaye ndiye aliyesimamia jiko, achinjiwe mbuzi mwenye mafuta, na asimtoe jikoni mpaka nimwambie.

Kahawa si mvinyo, na mtu mwenye diploma hawezi kusema vinginevyo. Lakini uchungu na ukavu ule wa ulimi vinajuana, na vyote viwili vinaita mafuta. Msemaji sikumwambia kitu.

Walifika Jumamosi ya mwezi wa Aprili 2018, baada ya saa nne za barabarani kutoka Katy, wanaume kwa kanzu nyeupe na wanawake kwa mabuibui mazuri kabisa, wakajaza sebule mpaka ngazi. Msemaji alikaa kwenye kiti cha katikati na suti yake ya kijivu, mikono juu ya magoti. Ami wa kijana ndiye aliyewasemea. Akaanza kwamba wao ni wasafiri, wamepotea njia, wameona nyumba ina watu. Nikamuuliza Houston nzima ina watu mamilioni, je, wote walikuwa wamezima taa? Akasema walikuwa wamewasha, lakini taa ya hapa ndiyo iliyomtia kijana wao kizunguzungu. Nikasema kizunguzungu ni cha hospitali, na hospitali ziko kwao. Akajibu papo hapo, "Bwana we, muuguzi mwenyewe ndiye mliyemzaa nyinyi." Watu wakapiga makofi. Nikamwangalia Msemaji kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatafuna midomo, kama mchezaji aliyewekwa benchi akitazama mpira unapita mbele ya goli.

Ndipo kikaja kinywaji. Mama wa kijana alileta dele la shaba, lile birika refu la kahawa, na vikombe vidogo visivyo na mkono. Warundi wote mle ndani walitazamana, maana walijua habari ya Fort Worth, na baadhi walikuwa wameisimulia wao wenyewe. Watu wa Katy hawakujua, lakini waliona nyuso. Juu ya ngazi binti alisimama ameshika kamba ya mkoba wake, na mkoba ulikuwa begani tayari.

Msemaji alipokea kikombe. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakizungusha kidogo, kwa mazoea, na tone moja likamdondokea kwenye suruali. Akanywa. Niliona mashavu yakiingia ndani na koo likipanda. Hakusema, kwa kuwa haruhusiwi, lakini aliinama kwangu kama desturi inavyoruhusu, na midomo yake ilikuwa karibu na sikio langu.

"Na nini?" aliuliza.

"Na mbuzi," nilisema.

Akafikiri. Akanywa tena, akamaliza.

"Waambie walete mbuzi."

Nikasimama, nikatangaza kwamba mdomo wa ukoo umefunguka. Shangazi akaingia na sinia. Binti aliteremsha mkoba. Msemaji alikula mbuzi na kahawa chungu mpaka jioni, vikombe zaidi ya vile ninavyoweza kushauri kwa mtu wa umri wake, na ami wa kijana akamwambia hajaona Mrundi anayejua kahawa namna ile. Yeye aliitikia kwa kichwa, akiwa bado haruhusiwi kusema, na alishikilia katazo hilo hata baada ya kila mtu kulisahau.

Wapo walionung'unika. Mjomba wa yule kijana wa Fort Worth alimsimamisha nje ya kanisa na kumuuliza kama siku hizi kahawa imekuwa pombe. Msemaji akamjibu kwamba soda ilikuwa tamu na kahawa ilikuwa kali, na mtu asiyejua tofauti hiyo asilaumu wengine. Mwaka uliofuata simu za kumwalika zilipungua.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka 2020, majira ya joto, nilipokwenda Katy kumuaga kabla ya kurudi nyumbani kujenga hoteli. Mjukuu alikuwa amezaliwa mwaka mmoja kabla. Wakati ule wa korona binti alikuwa akifanya zamu zisizoisha hospitalini, na mumewe alifanya kazi chumbani na mlango umefungwa, kwa hiyo Msemaji aliacha ghala, akauza meza na viti vya Cedar Hill, akahamia kwao kulea mtoto. Hatukuingia ndani. Alinikaribisha gereji, mlango mkubwa umefunguliwa, kiti changu huku na chake kule, jua la Texas likiwa limekuja mpaka miguuni mwetu. Chupa zake zilikuwa sakafuni, zimelazwa kando ya mashine ya kukata nyasi.

Nilishtuka, na nikamwambia. Gereji ya Katy mwezi wa Julai ni tanuri, na mvinyo ukipikwa hauponi. Akasema mkwewe hajamkataza kunywa, ameomba tu kileo kisivuke mlango wa nyumba, na ombi hilo ni la haki kwa mwenye nyumba. Nikamwonyesha friji iliyosimama pale pale gereji, inanguruma. Kwa nini asizitie humo?

"Humo kuna maziwa ya mtoto," alisema. "Mama yake anakamua kabla ya zamu. Siwezi kuziweka pamoja."

Akanimiminia. Rangi ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia pembeni. Nilinusa, nikaonja, na kwa kuwa kazi yangu ni kusema kilichomo kwenye glasi, nilisema. Ladha ilikuwa ya zabibu kavu zilizochemshwa zikasahauliwa jikoni. Ule ukali wa kushika ulimi ulikuwa umekwenda.

"Mzee, huu umekufa."

"Ulikufa mwezi uliopita," alisema. "Zote. Nilizionja moja moja."

Nilitaka kumuuliza kwa nini basi anazimimina, lakini ndani mtoto alilia. Msemaji aliweka glasi yake chini, akainuka kwa goti moja, akaenda kwenye bomba la ukutani. Akasukutua kinywa, akatema nje kwenye nyasi, akasukutua tena, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akaniambia ningoje. Akafungua mlango wa nyumba kiasi cha kupita mtu mmoja, akajipenyeza, akaufunga upesi nyuma yake, ubaridi wa ndani usije ukatorokea gereji.